Kila Mtu Jaji, Mtazamaji Hakuna

Ikifika Januari, kinyozi wangu huacha kunyoa akaanza kuhukumu. Orodha ya filamu zinazowania Oscar hutangazwa alfajiri ya Los Angeles, na alfajiri yao kwetu Dar es Salaam ni saa kumi na nusu jioni, saa ileile ambayo mtu umetoka kwenye mihangaiko yako na umeinamisha kichwa chini ya mashine. Simu ya kinyozi inalia, mashine inaganda juu ya sikio, na wewe unakaa hapohapo, upande mmoja kipara, upande mwingine msitu, mpaka Hollywood imalize kutaja majina.

Halafu linaanza lile neno: kaonewa.

Sina ugomvi na mtu kupenda muvi. Mimi mwenyewe nimekulia kibanda umiza, nimekalia mabenchi yenye misumari nikimsikiliza Lufufu, DJ wa kutafsiri muvi, akiwapa Wamarekani maneno ambayo hata wao hawakuwahi kuyasema. Ugomvi wangu ni kwamba kati ya wote wanaobishana pale saluni, aliyeiona filamu yenyewe hapatikani. Wameona posta. Wameona kipande cha dakika mbili kwenye simu ya shemeji. Hukumu imeshatoka.

Kinyozi kesi yake ni ya zamani na haina rufaa. Anataka kujua kwa nini Commando ya mwaka 1985 haikuteuliwa hata kwa bahati mbaya. "Schwarzenegger kasafisha kisiwa kizima peke yake, kamrudisha mtoto wake nyumbani, mnataka afanye nini tena?" Dereva wa bodaboda aliyekuja kunyoa ndevu, ambazo kwa kweli hana, akadakia: na Rambo je? Nikaona nitoe elimu. Nikawaambia Rambo ya pili iliteuliwa kweli, kwenye sherehe za mwaka 1986, kipengele cha uhariri wa sauti. Yaani walioteuliwa ni mabomu, Stallone hakumo. Na mabomu yenyewe yakashindwa na Back to the Future. Zaidi ya hapo, wale jamaa wa Razzie, wanaotoa tuzo kwa filamu mbovu, waliitangaza Rambo hiyohiyo kuwa mbovu kuliko zote za mwaka ule.

Walinitazama kama vile ni mimi niliyepiga kura.

Ubishi wao una katiba, na ibara yake ya kwanza inasema steringi hafi. Nilitaja Titanic: mwaka 1998 iliteuliwa mara 14 ikabeba tuzo 11, lakini DiCaprio hakuteuliwa kabisa. Nilidhani hapo tutaungana kulia pamoja. Fundi cherehani wa chumba cha pili akachomoa sindano mdomoni: "Si alikufa yule? Mtu ukishakufa unadai nini?" Nikamjibu kwamba mwaka 2016 alipewa ya mwigizaji bora kwa The Revenant. Fundi akauliza, humo alifanyaje? Nikasema aliraruliwa na dubu, akafukiwa, akapona. Fundi akarudisha sindano mdomoni, akaendelea kushona. Kesi imefungwa, na ushahidi nimeutoa mimi.

Mwaka 2014 Lupita Nyong'o alipopata Oscar kwa 12 Years a Slave, kijiwe kizima kilikuwa Wakenya kwa siku moja, wakiwemo wale ambao wiki nzima walikuwa wakigombana na Wakenya kuhusu Mlima Kilimanjaro.

Sherehe zenyewe huanza kwetu saa nane za usiku wa kuamkia Jumatatu. Hakuna anayekesha, mimi nawajua, wanakoroma. Lakini asubuhi kila mmoja macho mekundu ya kusingizia, anaeleza alivyoiona kwa macho yake ile bahasha ya mwaka 2017, walipotangaza La La Land kabla ya kugundua kuwa mshindi ni Moonlight. Kwa kinyozi huo ndio ushahidi wa figisu, tena za kiwango cha ligi yetu. Ukimwambia kelele zake hazifiki popote, anakutajia Batman. Na hapo, kwa masikitiko, ana hoja: mwanzoni mwa 2009 The Dark Knight iliachwa nje ya filamu tano zilizowania tuzo kubwa, mashabiki wakapiga kelele dunia nzima, na mwaka uliofuata nafasi zikawa kumi. Tangu ajue habari hiyo hashikiki.

Mwenye haki ya kusema pale ni mmoja tu, mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Yeye Lagaan kaiona mwanzo hadi mwisho, zaidi ya saa tatu na nusu, na si mara moja. Filamu ile iliiwakilisha India, ikaingia tano bora za lugha za kigeni mwaka 2002, ikashindwa na No Man's Land ya Bosnia. Siku moja alikuja kufuata sahani zake, akasikia ubishi, akaanza kueleza ile mechi ya kriketi na kwa nini wanakijiji walistahili. Alikuwa anaeleza vizuri mno. Kinyozi akamkata: "Mama, hebu tuache kwanza watu wa filamu tuzungumze."

Nilikuwa najiandaa kuwacheka wote kwenye safu hii, nikitetea wataalamu. Kisha Aprili 2025 Academy yenyewe, inayotoa hizo Oscar na yenye wapiga kura karibu elfu kumi, ikatangaza kanuni mpya: ili upige kura ya mwisho katika kipengele chochote, lazima uwe umeangalia filamu zote zilizoteuliwa humo. Tuzo zimeanza 1929! Kwa vipengele vingi, miaka yote hiyo, mtu aliweza kumchagua mwigizaji bora bila kuwaona wenzake wakiigiza. Na hawa ni watu ambao filamu wanafikishiwa mpaka nyumbani, hawapangi foleni wala hawakai juu ya msumari. Niliposoma habari hiyo kwa sauti, kinyozi alizima mashine kwa heshima. "Kumbe na mimi nilikuwa nafaa muda wote huo."

Kilichonimaliza kabisa ni Vuta N'Kuvute. Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kuwania kipengele cha filamu ya kimataifa. Ni kazi ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi: Zanzibar ya wakoloni, Yasmin aliyekimbia ndoa ya kulazimishwa, Denge na siasa zake. Haikuingia tano bora, na kijiwe kikawaka. Tumeonewa! Waafrika tunaonewa! Nikamuuliza bodaboda kama ameiangalia.

"Sasa niiangalie ya nini, kaka, wakati najua tumeonewa?"

Nikamgeukia kinyozi. Akasema anasubiri ishuke kwenye simu. Fundi cherehani akauliza kama steringi anakufa, ili ajue kabisa. Kwenye kona alikuwepo dogo mmoja mpole, anasubiri zamu yake, hajachangia neno tangu aingie. Akainua mkono kama yuko darasani.

"Mzee, samahani. Hiyo imetafsiriwa na DJ gani?"

"Ni ya Kiswahili, dogo. Wanaongea Kiswahili mwanzo mwisho."

"Nimeelewa, mzee," akasema. "Lakini kaitafsiri nani?"