Sifa za Simu ya Mikono Huru katika Barabara ya Nyakitonto

Simu ya mikono huru ni mpangilio unaomwezesha dereva kuongea na mtu aliye mbali bila kuishika simu yenyewe. Sauti ya mpigaji hutokea kwenye spika za gari, na ya dereva huingia kwa maikrofoni ndogo iliyopachikwa karibu na usukani, au popote mtengenezaji alipobakiza nafasi. Kinachounganisha simu na gari ni Bluetooth, mawimbi ya redio ya masafa ya karibu ambayo wahandisi wa Ericsson mjini Lund, Sweden, walianza kuyashughulikia mwaka 1994. Jina limetokana na Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu waliokuwa wametengana. Mfalme huyo hajaaibishwa katika nyanda za juu za Kigoma. Kati ya Kasulu na Kibondo chombo chake kila siku kinaunganisha watu ambao walikuwa wanaishi vizuri tu bila kuunganishwa.

Barabara inayopita Nyakitonto, kati ya miji hiyo miwili, ni sehemu ya njia ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, ambayo ujenzi wake wa lami umegharamiwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika. Wakati wa vumbi na tope dereva alihitaji mikono yote miwili, na mguu wa ziada kama angepewa. Simu ikiita, iliita mpaka ikachoka. Lami ilipoanza kufika ilimwachia dereva nafasi ya kufikiri, na nafasi hiyo haikukaa wazi muda mrefu.

Gari linalohusika zaidi ni mchomoko, yaani Probox au nduguye yeyote aliyeshuka bandarini Dar es Salaam akitokea Japani. Gari hilo huja na redio yake ya kwao, inayopokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, wakati stesheni za Tanzania ziko kati ya 88 na 108. Huja pia na sauti ya dada wa Kijapani ambaye kila ufunguo ukizungushwa humkumbusha dereva, kwa adabu kubwa, kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijachomekwa. Menyu ya kuunganisha simu, kama ipo, imeandikwa kwa lugha ya dada huyo. Ndiyo maana madereva wengi hununua kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti. Kidude hupokea sauti kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, kisha huirusha upya kwa FM, tuseme kwenye 87.5, na redio ya gari huidaka kama inavyodaka stesheni yoyote. Kwa maneno mengine, kila mchomoko wenye kidude ni kituo cha utangazaji, mtangazaji wake ni mmoja, na vipindi vyake havina ratiba.

Sauti yenyewe haina ubora wa kujivunia. Mfumo wa awali wa Bluetooth kwa ajili ya simu huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, kiwango cha simu ya mezani, na kidude cha bei ya stendi huongeza mikwaruzo yake juu ya hiyo. Mpigaji anasikika kama aliyefungiwa ndani ya debe. Dereva naye hupaza sauti ili maikrofoni imsikie kupita ngurumo ya injini na upepo wa dirishani. Hasara hii ndiyo inayozaa fadhila kuu ya chombo, ambayo ni uwazi.

Fadhila hii inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu nchi imeitafuta kwa miaka mingi na kuikosa mahali pengi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, na utaratibu unataka mkutano huo ukae kila baada ya miezi mitatu, wananchi wasomewe mapato na matumizi. Kila mwanakijiji anajua mikutano inavyoahirishwa: leo mvua, kesho msiba, keshokutwa mwenyekiti ameitwa wilayani, na siku ikipatikana akidi haitimii. Ndani ya mchomoko shida zote hizo zimekwisha. Akidi hutimia kabla gari halijatoka stendi, maana gari halitoki bila kujaa. Wajumbe ni wanne kwa mujibu wa kadi ya gari, na waliobaki kwa mujibu wa hali halisi. Milango imefungwa, kwa hiyo hakuna anayetoka kabla ya ajenda kuisha. Mapato na matumizi husomwa kila siku, wakati mwingine mara tatu kabla ya saa sita mchana, pale tajiri anapopiga kuuliza hesabu.

Tajiri, kwa lugha ya stendi, ni mwenye gari, hata kama gari lenyewe limenunuliwa kwa mkopo. Sauti yake hujaa garini kuanzia dashibodi hadi kwenye magunia ya nyuma: "Uko wapi?" Dereva hujibu, "Shikamoo bosi, ndiyo naingia Kibondo." Abiria wote wanaliona bango la Nyakitonto likipita dirishani. Hapo mkutano hufikia kipengele cha mengineyo. Mmoja anaguna, mwingine anacheka, mama aliyepakata mtoto anasema polepole kwamba kijana huyu atakuja kupata dhambi. Tajiri huisikia minong'ono hiyo, kwa kuwa uwazi wa chombo unakwenda pande zote mbili, na huanza kuhesabu vikohozi. "Si umesema umebeba wanne? Hao wanaocheka ni wangapi?" Hakuna mkaguzi wa hesabu nchini aliyewahi kupata ushahidi kwa wepesi huo.

Kutoka hapo mambo ya gari yanageuka kuwa mali ya umma. Abiria wa kutoka Kasulu wanajua bei ya tairi la mbele, deni la fundi, na kwamba juzi lilikabidhiwa deiwaka, yaani dereva wa kushikizwa, aliyerudi na mafuta pungufu. Mke wa dereva akipiga kusema unga umeisha, mkutano hupitisha azimio kwamba atumiwe fedha kabla ya gari kufika Kibondo, na mzee wa kiti cha mbele hujitolea kumsomea dereva namba. Tapeli akipiga kusema ile hela itumwe kwenye namba hii, hujibiwa na watu saba kwa pamoja. Kuna dereva mwenye namba mbili zilizoandikwa "Fundi" kwenye simu yake, na abiria wa njia hiyo wanajua fundi wa pili ana sauti nyororo na huuliza kama dereva amekula.

Uwazi huo hauishii mlangoni. Michomoko miwili ikiegeshwa ubavu kwa ubavu, na vidude vyote viwili vimewekwa kwenye 87.5, gari moja huweza kumpokea tajiri wa gari la pili. Dereva anayesubiri zamu hufokewa kwa kosa la mwenzake, na kwa kuwa lawama zinafanana, huomba msamaha na kuendelea.

Fadhila nyingine zinatosha kutajwa tu. Chombo kinafundisha Kijapani cha msingi. Kinazuia abiria wasisinzie. Kinaokoa betri ya simu, maana simu huchajiwa kwenye tundu la pembeni la kidude hicho hicho, isipokuwa waya ukilegea. Zaidi ya yote, kinalinda mila: Waha, wenyeji wa nyanda hizi, ni watu wa salamu ndefu, na salamu ya heshima kwa mkubwa huendana na kupiga makofi. Dereva aliyeshika simu sikioni hawezi kumwitikia mjomba "mwakeye" ipasavyo. Dereva mwenye mikono huru anaweza. Abiria ambaye hajawahi kuuona usukani ukibaki peke yake kwa muda wa makofi matatu, kwenye kona ya kuteremkia mtoni, bado hajakijua chombo hiki vya kutosha.

Kuhusu usalama, sifa hulazimika kupunguza mwendo. Mwaka 1997 Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichapisha katika New England Journal of Medicine utafiti juu ya madereva 699 wa Toronto waliokuwa na simu na waliopata ajali. Hatari ya kugonga wakati wa maongezi ilionekana kuwa karibu mara nne ya kawaida, na wenye vyombo vya mikono huru hawakuonekana kuwa na nafuu yoyote juu ya walioshika simu mkononi. Shirika la Afya Duniani linasema mambo hayo hayo kwa maneno yake. Katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, David Strayer na wenzake walionyesha kwamba dereva anayeongea na simu huweza kukielekezea kitu macho kabisa na asikione. Kumbe kilichokuwa kikitumika kwenye maongezi si mkono. Nchi nyingi zilitunga sheria za kuukataza mkono, na wauzaji wakachapisha neno "salama" kwenye boksi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973, zaidi ya miaka ishirini kabla ya kampuni ya Mobitel kuanza kutoa huduma ya simu za mkononi nchini. Trafiki wa njiani humtazama dereva sikioni, akikuta hapana simu humpungia mkono apite, huku spika ikimuuliza dereva huyo huyo kama mbele kuna tochi ya kupima mwendo.

Watafiti hao hao wa Utah waligundua pia kwamba abiria aliye ndani ya gari hana madhara kama ya mpigaji. Sababu inaonekana kwa macho pale Nyakitonto. Ng'ombe wakiingia barabarani, abiria aliyekuwa akisimulia habari za mirathi hukatiza sentensi katikati. Hakuna aliyemwambia anyamaze, amewaona ng'ombe. Mama anasema, "Mwanangu, angalia barabara," kisha gari zima linatulia mpaka mkia wa mwisho uvuke. Anayeendelea kusema ni mmoja tu, yule asiyewaona ng'ombe. Anataka kujua kwa nini jana hesabu ilipungua elfu tano. Anataka kujua sasa hivi. Dereva akinyamaza, anauliza, "Unanisikia?" Akinyamaza tena, anauliza kwa sauti kubwa zaidi, na dereva, ambaye mguu wake uko kwenye breki na jasho linamtiririka, anasema ndiyo bosi, nakusikia bosi.

Ni vigumu kulitazama tukio hilo na kuendelea kuhesabu fadhila. Tajiri anajua gari liko barabarani. Ndiyo sababu ya kupiga. Anajua dereva anaendesha, maana akisimama kwa dakika tano ataulizwa kwa nini amesimama. Kabla ya kidude dereva alikuwa na udhuru unaoeleweka na kila mtu: nilikuwa naendesha. Kidude kiliununua udhuru huo kwa bei ya stendi, na mara nyingi aliyekinunua ni tajiri mwenyewe, akakileta kama zawadi.

Matajiri wa michomoko, kwa haki, ni wanafunzi tu katika darasa hili. Walimu wao wako maofisini. Kuna ofisi zinazobandika ndani ya magari yao karatasi inayomkataza dereva kutumia simu, na dereva akisaini kwamba ameielewa. Ofisi hizo hizo hupiga saa mbili na robo kuuliza kwa nini simu ya saa mbili kamili haikupokelewa. Kuna taarifa za kata na za shule ambazo zilijulikana zinahitajika tangu mwezi uliopita, lakini huombwa ghafla mchana, kwa simu, kwa mtu aliye juu ya pikipiki, ziwe zimefika wilayani kabla ya saa nane, kwa sababu wilaya imeulizwa na mkoa na mkoa umeulizwa na wengine. Mwenye pikipiki hana spika, kwa hiyo huiingiza simu ndani ya helmeti, kati ya sikio na kitambaa. Hiyo nayo ni mikono huru. Katika ngazi zote hizo kutopokea hakuhesabiwi kuwa ni kuendesha. Kunahesabiwa kuwa ni kiburi.

Kinga ya asili ilikuwa mabonde. Nyanda hizi zina mahali ambapo mtandao hukatika ghafla, na karibu na mpaka simu huweza kunasa minara ya Burundi na kumkaribisha mtu nchi ambayo hakwenda. Katika vipande hivyo vya barabara dereva huonekana akilegeza mabega, na abiria wakiongea mambo yao. Akitokea upande wa pili husema, "Mtandao ulikuwa unasumbua, bosi," na kauli hiyo hukubalika kwa kuwa ni kweli mara nyingi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukipeleka minara kwenye maeneo ambayo kampuni za simu hazikuyaona yana faida. Mama mjamzito anayehitaji gari usiku ameuhitaji mnara huo kweli kweli. Tajiri naye anautumia.

Uendeshaji wa kidude ni rahisi. Kina kitufe kimoja katikati. Kukibonyeza mara moja ni kupokea; kukikandamiza kwa sekunde kadhaa ni kukataa. Alama ya simu iliyochorwa juu ya kitufe hufutika mapema kwa kubonyezwa, na rangi huanza kubanduka kutokea katikati. Mwongozo wa matumizi, uliochapwa kwa herufi ndogo za Kichina na Kiingereza, hautaji njia ya tatu. Madereva wa njia hiyo wanaijua: kidude hung'olewa kwenye tundu la kiberiti na kutiwa mfukoni mpaka Kibondo, na tajiri huambiwa fyuzi imekufa.