Shangazi, Mashine Yangu Hainitambui

Wiki hii hakuna aliyeachwa na mchumba wala aliyesumbuliwa na mawifi. Barua karibu zote zinalia kilio kimoja: Windows imepigwa upya, mashine imewaka vizuri, kisha chini kulia mwa skrini yakajitokeza maandishi ya kijivu yakidai iamilishwe. Wengine wameshayazoea, wanadhani ni urembo. Shangazi amezisoma barua zote hadi chai ikapoa. Majibu haya hapa, na kama kawaida hayana sukari.

Shikamoo Shangazi. Nilinunua laptopu mpya, ikatoka kwenye boksi na Windows 11 yake halali. Baada ya muda ikawa nzito. Fundi wa mtaani akasema dawa ni kuifomati na kuipiga Windows upya. Sasa ni nyepesi kweli, ila inalalamika kuwa haioni leseni na inatoa namba 0x803F7001. Fundi anasema duka liliniuzia feki. Duka linasema fundi ndiye kaharibu. Nimwamini nani?
*Niko Katikati, Tanga*

Marahaba, Katikati. Usimwamini yeyote kabla hujapata jibu la swali moja: Windows uliyowekewa ni Home au Pro? Fungua Settings, ingia System, kisha Activation, usome mstari wa juu. Nina hakika utakuta Pro. Flashi ya fundi ina Pro tu, na kila mashine inayofika kibandani kwake hupewa hiyohiyo, iwe ya mwanafunzi au ya meneja. Ukimuuliza sababu atakuambia Pro ni kubwa.

Laptopu nyingi za dukani huja na Home. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wengi waliacha kubandika stika yenye ufunguo chini ya mashine. Ufunguo huwekwa ndani ya chipu iliyo kwenye maderbodi. Ukisakinisha kwa flashi safi iliyoandaliwa na programu ya Microsoft yenyewe, kisakinishi huusoma ufunguo huo, hujichagulia Home bila kukuuliza, na ukiingia mtandaoni kazi imekwisha. Flashi ya fundi imetengenezwa ipite bila kuuliza mashine ina haki gani.

Fikiria kiwanja chenye hati. Hati inataja kiwanja, haitaji nyumba. Unaweza kubomoa nyumba na kujenga upya kila ukitaka, na kiwanja kikabaki chako. Lakini hati ikisema makazi nawe ukainua hoteli, ofisi ya ardhi haitakuelewa hata ukilia. Kiwanja ni maderbodi, nyumba ni Windows, na fundi wako amekujengea hoteli.

Dawa ni kusakinisha tena, safari hii Home. Hakuna njia halali ya kuishusha Pro iwe Home bila kuanza upya, kwa hiyo hamisha kwanza picha na nyaraka zako. Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi na bando la kutosha. Duka halina kosa. Fundi anayo kazi ya kurudia, na mara hii ni bure.

Bi Shangazi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu. Laptopu yangu ilikuja na Windows 7 ya halali, stika ipo hadi leo. Mwaka 2016 kijana wangu alibonyeza ule ujumbe uliokuwa ukijitokeza kila siku chini ya skrini, ikapanda kuwa Windows 10. Juzi diski ilikufa. Nimewekewa SSD na Windows 10 mpya, skrini ikaomba ufunguo, tukaandika ule wa kwenye stika. Umekataliwa. Je, nimedhulumiwa?
*Mwenye Stika, Morogoro*

Mwalimu, pole kwa diski na hongera kwa kijana. Alipobonyeza pale alikuandikisha, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo.

Tarehe 29 Julai 2015 Microsoft ilitoa Windows 10 na kuwaruhusu wenye Windows 7 na 8.1 kupanda bure kwa mwaka mmoja. Mashine iliyopanda kwa njia hiyo haikupewa ufunguo mpya wa kuandika kwenye karatasi. Alama za vifaa vyake, hasa maderbodi, zilihifadhiwa kwenye seva za Microsoft pamoja na kumbukumbu kwamba mashine hii ina haki ya Windows 10. Hiyo ndiyo leseni ya kidijitali. SSD mpya haiivunji.

Kwa hiyo skrini ikiomba ufunguo, usiandike kitu. Chagua ule mstari mdogo unaosema huna ufunguo, kisha uchague aina inayolingana na ya zamani. Kama stika inasema Home Premium, weka Home. Kama inasema Professional au Ultimate, weka Pro. Ikimaliza, iunganishe na intaneti uiache ijitambulishe.

Mwaka 2015 wengi walilia kama wewe, ila wao walikuwa na shida ya kweli. Walikuwa wepesi wa kupenda usafi: walifuta diski kwanza, wakasakinisha Windows 10 mahali patupu, ndipo wakaandika ufunguo wa Windows 7. Seva haikuwa imewahi kuiona mashine yao ikipanda, ikawakatalia. Utaratibu ulikuwa kupanda kwanza, kuandikishwa, kisha ndipo ufute upendavyo. Novemba mwaka huohuo toleo la 1511 likaanza kukubali funguo za zamani moja kwa moja, na mlango huo ukabaki wazi miaka mingi baada ya ofa kuisha rasmi. Microsoft iliufunga Septemba 2023. Ndiyo maana stika yako imekataliwa leo, na ndiyo maana kijana wako anastahili soda.

Neno la mwisho, Mwalimu: kuamilishwa si kulindwa. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya umri huo haitimizi masharti ya Windows 11, inayodai chipu ya usalama ya TPM 2.0. Watu binafsi waliwekewa mpango wa kujiandikisha ili wapate viraka vya usalama hadi Oktoba 2026. Jiandikishe. Baada ya hapo itumie kuandikia kumbukumbu zako, na mambo ya benki uyapeleke kwingine.

Shangazi, kompyuta yangu ya mezani kila nikichomoa waya inarudi mwaka 2009. Nimepiga Windows upya, haiamiliki, ingawa zamani ilikuwa sawa. Intaneti ipo, ila hata tovuti nyingi zinagoma kufunguka.
*Nimebaki Nyuma, Iringa*

Toka huko nyuma, mwanangu. Mashine na seva huzungumza kwa njia ya siri inayothibitishwa kwa vyeti, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ukifika na saa ya 2009, cheti cha leo kwako bado hakijazaliwa, basi mazungumzo yanakatika kabla hata leseni haijatajwa. Tovuti zinakugomea kwa sababu hiyohiyo. Rekebisha tarehe, saa na majira ya eneo, kisha ujaribu tena. Halafu nunua betri ndogo ya maderbodi, ile ya duara iitwayo CR2032, inayofanana na ya saa. Fundi akitaka kukuuzia leseni kabla ya betri, aga uondoke.

Hujambo Shangazi? Nilinunua kompyuta ex-UK hapa mjini, safi kabisa. Niliona kwa macho yangu ikiwa imeamilishwa kabla ya kulipa. Karibu nusu mwaka ukapita bila shida, kisha maandishi ya kijivu yakaanza. Inatoa 0xC004F074. Sijagusa kitu!
*Niliona kwa Macho Yangu, Nairobi*

Sijambo. Macho yako hayakukudanganya, yaliona tu upande mmoja.

Makampuni makubwa hayahangaiki na ufunguo wa kila mashine. Mengi huweka seva ya KMS ndani ya mtandao wao wa ofisi, nayo huziamilisha kompyuta zote kwa siku 180. Zikiwa ofisini hujisasisha zenyewe na hakuna anayejua. Zikiuzwa, zinaendelea kuiita seva iliyobaki ng'ambo. Siku zikiisha, unapata namba hiyo uliyoandika, ambayo maana yake ni kwamba mashine imeita na haikuitikiwa. Wapo pia wauzaji wanaoigiza seva hiyo kwa programu bandia, na matokeo yake ni hayahaya.

Siku nyingine, kabla hujatoa pesa mfukoni, fungua Command Prompt uandike slmgr /xpr. Ikijibu kwamba imeamilishwa kwa kudumu, endelea kupatana bei. Ikitaja tarehe ya mwisho, unauziwa siku zilizobaki.

Usikate tamaa lakini. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotengenezwa baada ya 2012 zilitoka kiwandani na ufunguo wa Pro kwenye maderbodi. Kampuni iliziwekea Windows yake juu, ufunguo ukabaki umelala. Sakinisha upya kwa flashi safi ya Microsoft. Ikijichagulia aina yenyewe bila kukuomba ufunguo, huenda haki yako ilikuwa humo siku zote. Ikiomba, rudi kwa muuzaji na risiti.

Shikamoo Shangazi. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, maderbodi ikaungua. Fundi hodari akanitilia nyingine, diski ni ileile, RAM ni ileile, hata boksi ni lilelile. Nikaona heri nisakinishe upya iwe safi. Sasa Windows yasema hainijui.
*Mimi ni Yuleyule, Mombasa*

Marahaba. Asiyekujua hakuthamini, na seva kweli haikujui. Kwa hesabu za Microsoft, kubadili maderbodi ni kununua kompyuta nyingine. Boksi halihesabiwi.

Sasa jiulize leseni yako ilitoka wapi. Ikiwa ilikuja na mashine kutoka kiwandani, ilifungwa na ile maderbodi iliyoungua. Mtengenezaji mwenyewe akiibadilisha kwa sababu ya hitilafu, haki huendelea. Fundi wa kando akiibadilisha, kwa kawaida inazikwa nayo. Ikiwa uliinunua peke yake dukani, unaruhusiwa kuihamisha, mradi mashine ya kwanza isiendelee kuitumia.

Kuhama ni rahisi ikiwa uliwahi kuingia kwa akaunti yako ya Microsoft kabla ya ajali. Nenda Activation, bonyeza Troubleshoot, chagua kwamba umebadilisha kifaa hivi karibuni, ingia kwa akaunti ileile, kisha uteue mashine yako kwenye orodha. Njia hii ipo tangu Agosti 2016, na ni wachache wanaoikumbuka kabla mambo hayajaharibika. Nanyi msiounguliwa na kitu, iungeni leseni na akaunti leo, umeme haupigi hodi.

Shangazi, kuna kijana ana dawa ya kuamilisha Windows yoyote kwa dakika mbili. Anachotaka ni nizime antivairasi kwanza. Nizime?
*Nina Haraka, Dodoma*

Usizime. Mwaka 2021 watafiti wa usalama wa kampuni ya Red Canary walieleza jinsi visakinishi bandia vya dawa mojawapo, KMSPico, vilivyokuwa vimebeba Cryptbot, programu ya kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Mwenye mashine aliona Windows imeamilika, akashukuru.

Na haraka ya nini? Windows 10 au 11 isiyoamilishwa inaendelea kuwaka, kuandika na kuingia mtandaoni. Inachokunyima zaidi ni kubadilisha rangi na picha ya nyuma, nayo hukusumbua kwa maandishi yake. Vumilia picha ya kampuni huku unatafuta leseni halali, kuliko kuweka picha ya harusi kwenye mashine ambayo mtu mwingine ameshaingia.

Kwa watakaoandika wiki ijayo

Leseni haikai kwenye flashi wala kichwani kwa fundi. Inakaa kwenye maderbodi yako na kwenye kumbukumbu za Microsoft, na vyote viwili hukaguliwa kabla ya kufuta, si baada ya. Basi kabla hujamkabidhi mtu mashine, upige picha kwa simu ule ukurasa wa Activation: unasema ni Home au Pro, na kama leseni imeungwa na akaunti yako. Nikiipokea barua yako nitataka picha hiyo, namba ya kosa kama ilivyo, na historia ya maderbodi. Barua inayosema tu kwamba kompyuta inasumbua sitaijibu. Kwa hilo mwite fundi wako, na kabla hajachomeka flashi yake, muulize ina nini ndani.