Stoo ya Babu

Kuna wanaume wakistaafu hununua kuku wa mayai, wengine hufungua kibanda cha vocha, na wengine hukaa barazani wakacheza bao mpaka giza liingie. Wangu aliamua kuwa seremala. Alinitangazia asubuhi moja tukinywa uji: wajukuu wetu wote watano wakija likizo ya Desemba, kila mmoja atakabidhiwa sanduku la vifaa, la mbao, lililotengenezwa kwa mkono wa babu yake.

"Mkono upi?" nikamuuliza.

Si kwamba namdharau Baba Rehema. Ila namjua. Alikuwa mtunza stoo. Miaka yote ya ajira yake aligawa nyundo, misumeno na patasi kwa mafundi, jioni akazipokea, akazifuta, akazitundika ukutani kila moja mahali pake. Ukimwonyesha kifaa anakueleza kinaitwaje, kinauzwaje na mara ya mwisho alikichukua nani. Kukitumia ilikuwa kazi ya wengine.

Kwanza alitaka mninga. Akaenda Keko, kule makochi na vitanda vya Dar es Salaam vinakozaliwa, akaulizia bei, akarudi kimya. Mninga ni mbao ya heshima: haipindi ovyo, mchwa hawaipendi, na gogo lake likikatwa hutoa utomvu mwekundu hata mpita njia akadhani kuna mtu kajeruhiwa. Kwa bei ile, majeruhi angekuwa pensheni. Basi akachukua paina, moja kwa nane, zilizoshuka kutoka misitu ya Sao Hill kule Mufindi. Paina ni laini, ni nyepesi, mtoto anaweza kuibeba. Hapo nampa haki yake.

Jirani yetu ni fundi, kijana anayetengeneza vitanda na madirisha chini ya mwembe. Alikuja kuamkia, akazibonyeza zile mbao kwa ukucha, akatabasamu kwa adabu.

"Mzee, mbao hizi juzi tu zilikuwa na ndege juu yake."

Akashauri zipangwe kivulini, vijiti katikati ya ubao na ubao, hewa ipite, zisubiriwe zikauke. Mzee akajibu kwamba Desemba haisubiri mbao. Kilichofuata kila seremala anakijua: ubao ukikauka husinyaa upana, urefu wake ukabaki karibu vilevile, na kama umeshaupigilia misumari pande zote hauna pa kukimbilia ila kupasuka. Ukapasuka, tena usiku. Paa! Mimi nikajua ni mwizi, yeye akajua ni paka, tukaenda sebuleni na tochi na mwiko, tukakuta kitako cha sanduku la mjukuu wa tatu kimeachana vipande viwili.

Misumari nayo ilipasua ncha za mbao mpaka fundi akamwonea huruma, akamfundisha kuigonga ncha ya msumari iwe butu kabla ya kuupigilia. Msumari mkali hupenya katikati ya nyuzi za mbao na kuzitenganisha. Butu huzivunja ukapita. Mzee alifurahi kama aliyepewa siri ya serikali. Akabutua misumari ya inchi 2 kilo nzima, pamoja na kidole gumba kimoja. Akaambiwa pia kwamba skrubu ikipakwa sabuni huingia bila kulalamika. Sabuni yangu ya mche ikahamia barazani, nikawa nafulia kipande chenye matundu.

Lakini gundi ndiyo iliyonitesa. Gundi nyeupe ya mbao inataka kubanwa. Jiriwa hatuna, kwa hiyo alikata mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli, akayafunga masanduku kwa nguvu, na palipobaki mwanya akaweka uzito: ndoo ya maji, gunia la mchele, sufuria yangu ya pilau iliyojaa mawe, na juu ya yote kinu. Jumapili hiyo nilikuwa nimepanga kisamvu.

"Usiguse, Mama Rehema. Saa ishirini na nne."

Tukala maharage.

Sanduku lenyewe ni la wazi, mbavu mbili za mwisho zimeinuka, na katikati yake unapita mti wa duara wa kushikia. Mti wa duara hauuzwi na paina. Nilipoamka nideki, dekio halikuwa na mpini. Sikusema kitu, maana nilijua wajukuu ni watano na mpini wa dekio hautoshi. Nikakimbilia fagio la buibui, nikachelewa. Tangu siku hiyo nadeki nimeinama, na buibui wa darini wamejenga ghorofa.

Watoto wakaja. Masanduku yalikuwa yamepigwa msasa vizuri, jina la kila mmoja limeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu, na ukiyapanga mstari mmoja unaona hakuna mawili yaliyolingana. Moja liliegemea kidogo upande wa kushoto. Mzee akasema ni mtindo. Ndani aliweka nyundo ndogo, bisibisi mbili, koleo, futi kamba, penseli na msasa. Mwanangu alininong'oneza jikoni, "Mama, hawa siku hizi wanataka simu tu." Ni kweli wanazitaka. Ila mtoto mwenye simu unajua amekaa wapi. Mwenye bisibisi humjui.

Na kabla hawajagusa chochote, Mzee akavaa miwani, akatoa leja. Leja kweli, ya jalada gumu, imechorwa safu: tarehe, jina, kifaa, sahihi ya kuchukua, sahihi ya kurudisha, hali ya kifaa. Kukopeshana ruksa, ila mkopaji asaini kwa mwenye sanduku. Saa kumi na mbili jioni vifaa vyote virudi. Ambaye hakurudisha jina lake litasomwa wakati wa chakula cha usiku. "Hakuna sahihi, hakuna kifaa," akawasomea, wakaitikia kama kwaya. Kitindamimba, ambaye ni mume wangu ingawa ana miaka mitano, alisaini kwa dole gumba lenye mafuta ya maandazi.

Kimya cha watoto ndani ya nyumba si habari njema. Mchana huo kilikuwa kirefu. Nilipotoka jikoni nikasikia sauti ya Baba Rehema kutoka chooni, ya chini, ya mtu anayejitahidi kulinda heshima yake.

"Kuna mtu huko nje?"

Mjukuu wetu wa miaka kumi, msichana, alikuwa amefungua mkono wa kitasa. Kazi safi: skrubu zimepangwa kwenye kisosi kwa ukubwa, na kile chuma cha pembe nne kinachopita katikati kimelazwa juu ya kitambaa. Mlango ulikuwa umefungwa na babu yake alikuwa upande wa pili.

"Nipitishieni bisibisi bapa chini ya mlango," akaagiza. "Nitazungusha ulimi kupitia lile tundu." Vifaa anavijua.

"Babu, sahihi kwanza."

"Mimi ndiye mtunza stoo!"

"Hii stoo ni yangu, Babu. Umeandika jina langu mwenyewe."

Leja ikasukumwa chini ya mlango, na penseli. Miwani ilikuwa sebuleni. Leja ikarudi, binti akaikagua, akatikisa kichwa. "Umesaini pa kurudisha, na bado sijakupa." Ikaenda tena. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, nguvu zimeniishia kwa kicheko, na mume wangu mdogo ananipepea kwa kipande cha msasa.

Alipotoka alikuwa na hasira za kutosha kuisahau bisibisi mfukoni mwa kanzu, na kanzu ikaingia kwenye karai la nguo. Saa kumi na mbili ikapita. Usiku wali ulipotengwa binti akasimama, akafungua leja, akasafisha koo. Siku ile jina lilikuwa moja tu, na hali ya kifaa ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: IMEFULIWA.