Pampu Chini ya Mama Mkwe

Hapa Kalangalala, Geita, ukisema "pampu imekufa", pole utakayopewa ni ya duara. Watu wanadhani una shimo lako la dhahabu Mgusu au Nyarugusu, maji yamepanda, vijana wametoka chini na sasa wamekaa juu ya rundo la mawe wanatafuna muhogo kwa hesabu yako. Swali linalofuata ni kama una pampu ya akiba, maana mwenye duara mwenye akili timamu hashushi watu chini kwa kutegemea pampu moja. Mimi sina duara. Nina kigari cha mtumba, na pampu ninayoililia ni ya mafuta, kidude chenye unene wa tochi ya betri mbili, kinachokaa ndani ya tenki, chini ya kiti cha nyuma. Nikishaeleza hivyo, pole inageuka kicheko.

Tena afadhali ingekuwa imekufa. Maiti tunajua kuzika. Pampu yangu ilikuwa na ugonjwa wa kuzimia. Asubuhi ukizungusha ufunguo unaisikia kule nyuma inavuma, nziii, gari linawaka. Jua likifika utosini, ukianza kupanda mlima, gari linakohoa, linaishiwa nguvu, linazima. Unakaa kando ya barabara nusu saa unajipepea na gazeti. Ukiwasha tena, linawaka. Unalifikisha kwa fundi likiwa zima kabisa, unabaki unajieleza kama mzazi aliyembeba mtoto usiku hadi zahanati, akafika homa imeshuka na mtoto anacheza na pazia.

"Mbona linaunguruma vizuri, mzee?"

"Kwa sasa, ndiyo."

"Basi likizima tena, lilete."

Likizima tena nitalileta na nini?

Halafu kuna mabingwa wa kando ya barabara. Fungua boneti popote mkoani kwetu. Kabla hujasimika kile kijiti cha kuizuia, watu watano wamefika, kila mmoja na dawa yake. Wa kwanza anasema plagi. Wa pili, koili. Wa tatu anakutazama kwa huruma na kusema, "Hiyo ni kontroli boksi, mzee wangu, na ikishaharibika haiponi." Niliwasikiliza wote kwa zamu. Nilinunua plagi nne, koili moja na filta mbili, mbali na pampu za mtumba. Gari likawa na spea mpya tele, na likazima vilevile.

Kilichonichelewesha kujua chanzo cha ugonjwa ni kivuko. Miaka yote, safari ya Mwanza ilikuwa Sengerema, kisha Busisi, foleni, kuvuka hadi Kigongo, halafu Usagara na kuendelea. Tulikilalamikia kile kivuko mpaka koo zikakauka. Kumbe foleni yake ndiyo iliyokuwa wodi ya pampu yangu. Nafika Busisi iko taabani kwa joto, nazima injini, nanunua samaki wa kukaanga, nasikiliza siasa za wenzangu, saa inapita. Tukishavuka imeshapoa, inaamka, tunaingia Mwanza kwa heshima. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akafungua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 za zege juu ya maji, unavuka kwa dakika chache. Nchi ikashangilia, nami nikashangilia bila kujua kuwa wodi yangu ndiyo imefungwa.

Abiria wangu wa kwanza wa maana juu ya daraja lile alikuwa mama mkwe. Alikuwa anakwenda harusini Mwanza, kavaa kitenge kipya, kakaa nyuma peke yake kwa nafasi. Katikati ya daraja akafungua chupa ya chai. "Mkwe wangu, yaani hata haijapoa!" Tulishuka Kigongo salama. Kufika Usagara gari likakohoa mara tatu, likanyamaza.

Fundi aliyetokea alikuwa na kandambili miguuni na nyundo ya mpira mkononi. Nampa haki yake: hakugusa boneti. Aliweka sikio kwenye mdomo wa tenki, akaniambia niwashe swichi tu bila kupiga stata. Akatikisa kichwa. "Hailii. Pampu hiyo, na iko chini ya kiti." Wote wawili tukakitazama kiti. Juu ya kiti alikuwa mama mkwe.

Jamani, sikufundishwa popote namna ya kumwambia mama mzaa mke ainuke ili nifunue alipokalia. Nilianza na shikamoo, ingawa nilikwisha kumwamkia asubuhi.

"Mama, samahani sana, fundi anaomba..."

"Nimesikia. Nimekalia injini."

"Si injini, mama. Ni pampu."

"Na petroli?"

"Nayo iko hapohapo, mama."

Alishuka bila neno, akasimama chini ya mti na mkoba wake, akapiga simu. Hakumpigia binti yake. Alimpigia mwanawe wa kiume.

Shemeji huyo ni fundi wa ndege ndogo huko Mwanza. Alikuja na bodaboda, dumu la petroli mapajani, ovaroli haina doa. Alimwamkia mama yake, akamsalimia fundi, akamfukuza kijana mmoja aliyekuwa anavuta sigara karibu na tenki lililofunuliwa, ndipo akanigeukia.

"Shemeji, hii ni pampu ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Zote za mtumba?"

"Zote."

"Na tenki lina mafuta kiasi gani?"

Hapo nikaanza kukohoa mimi.

Akanieleza taratibu, kwa sauti ambayo mama yake aliisikia vizuri. Pampu ya namna hii inapozwa na petroli yenyewe. Inaogelea humo, mafuta yanapita tumboni mwake, yanailainisha na kuiondolea joto. Tenki likibaki na vikombe viwili, mwili wake unakaa nje kwenye mvuke, inafanya kazi huku inaungua. Juu ya hayo inavuta kutu na mchanga uliotulia chini. Basi mfikirie mtu ambaye tangu anunue gari hajawahi kutamka neno "jaza". Kituoni mimi nina sentensi moja: weka ya elfu kumi. Mwezi ukikonda, ya elfu tano. Ile taa ya njano ya mafuta kwangu ni pambo. Mwanangu mdogo anaamini huwaka kuonyesha kwamba gari ni zima.

Tukawa tunasubiri tenki lipoe, shemeji akasimulia kazi aliyoimaliza wiki ile. Ndege ndogo ya bawa la chini, injini ya pistoni, pampu ya mafuta imeanza kuyumba. Kuyumba tu, haijazima hata mara moja! Sindano ya geji ya presha ilikuwa inachezacheza, basi. Siku hiyohiyo ndege ikafungiwa hangani. Wala hawakukimbilia pampu. Walikagua kwanza filta, mipira na geji yenyewe, na tundu la hewa la tenki, maana likiziba mafuta hayatoki na pampu ndiyo husingiziwa. Pampu ilipobaki peke yake kizimbani, wakafunga njia ya mafuta, wakachomoa betri. Inashikwa na boliti mbili nyuma ya injini, mahali ambapo mkono unaingia na jicho haliingii. Unazungusha propela polepole mpaka kile kijiti kinachoisukuma kirudi ndani, la sivyo pampu mpya haikai sawa. Gasketi mpya. Spana yenye kipimo cha nguvu. Kisha injini inawashwa, unamulika kila kiungo kutafuta uvujaji, mtu wa pili anakagua kazi ya wa kwanza, na yote yanaandikwa kwenye kitabu cha ndege: tarehe, namba ya pampu, saa ambazo injini imetembea, sahihi.

"Boliti mbili, kutwa nzima?" fundi wa kandambili alishangaa. "Mimi hii natoa dakika ishirini. Ishirini gete!"

Shemeji akaongeza kwamba kuna injini za vindege vyepesi, Rotax 912, ambazo kiwanda kinataka pampu yake ibadilishwe kila baada ya miaka 5, iwe inaumwa au haiumwi.

"Nzima wanaitoa?" Fundi aliuliza kwa uchungu wa kweli. "Halafu wanaipeleka wapi?"

Nilijua anachowaza. Kuna duka ningeweza kumwelekeza.

Mama mkwe, ambaye tulidhani anasinzia chini ya mti, akauliza, "Kwani ndege ina pampu ngapi?" Shemeji akamjibu kwa adabu kwamba inategemea. Cessna 172 za kabureta tenki zake ziko mabawani, juu ya injini, kwa hiyo mafuta yanashuka yenyewe kama maji ya simtanki na hazina haja ya pampu. Piper Cherokee mabawa yako chini, mafuta lazima yasukumwe kupanda, kwa hiyo zina mbili: moja inaendeshwa na injini, nyingine ya umeme. Rubani huiwasha ya umeme anaporuka na anapotua, ili ya kwanza ikifa karibu na ardhi, ya pili iwe macho tayari.

Mama akaitazama bodaboda iliyomleta mwanawe, tenki juu, injini chini. "Kumbe hii ni Cessna." Kijana wa bodaboda akanyoosha kola.

"Na gari la mkwe wangu?"

"Hilo ni la bawa la chini, mama. Lenye pampu moja."

"Na rubani hajazi mafuta," mama akamalizia, akafunga chupa yake ya chai.

Shemeji akamimina lita 20 kutoka kwenye dumu, petroli ya baridi iliyokaa kivulini. Tukasubiri kidogo. Nikawasha swichi. Nziii. Gari likawaka, na fundi akadai hela ya kusikiliza.

Njiani nilipiga hesabu, ile hesabu tunayoipiga tukiwa tumeshachelewa. Pampu tatu za mtumba, elfu sitini kila moja, ni laki na themanini. Mpya niliuziwa Mwanza laki na nusu. Na sina pa kuulizia kila ya mtumba ilidumu siku ngapi, kwa sababu gereji ninayopeleka gari ina kitabu kimoja tu, nacho ni ukuta. Wanaandika kwa mkaa. Ule ukuta unajua nadaiwa shilingi ngapi, ila haujui nilifungiwa nini wala lini.

Nimenung'unika sana kuhusu mafundi, kivuko, daraja na spea za mtumba, lakini usiku ule nilimwona mkosaji mwenyewe. Ni pembeni. Angani hakuna pembeni. Ndiyo maana sindano ya geji ikitikisika ndege inalazwa. Chini ya duara hakuna pembeni. Ndiyo maana yule mchimbaji wa Mgusu, ambaye hajawahi kukanyaga hangani, ana pampu ya akiba. Sisi wa barabarani tuna pembeni. Gari likizima tunaliweka pembeni, tunakata majani ya kuweka nyuma kama alama, tunapiga simu, tunakula mahindi. Ile pembeni imetuharibu. Tungekuwa hatuna, tungekuwa tunajaza tenki.

Jumamosi pampu mpya ilifungwa nyumbani kwangu chini ya mwembe. Fundi wangu ndiye aliyefunga, shemeji akasimamia. Tenki likaoshwa, chujio la chini likabadilishwa, mpira wa mfuniko ukawa mpya. Ilichukua nusu siku, na fundi alilalamika nusu siku. Mwisho shemeji akaandika tarehe na kilomita kwenye kipande cha plasta, akakibandika chini ya kiti. Ndicho kitabu changu cha ndege.

Kisha nikaenda kituoni, nikashusha kioo, nikasema lile neno. "Jaza."

Binti wa pampu akanikazia macho. "Jaza ya shilingi ngapi, baba?"

Tuliishia nusu tenki, maana mwezi ulikuwa umekonda. Ndugu msomaji, nusu tenki inatosha. Ila taa ya njano ikiwaka usiichukulie kama pambo, na ukitaka kujua pampu yako iko wapi, chunguza kabla hujampakia mama mkwe. Wangu alirudi Geita kwa basi.