Jinsi ya Kuizuru Barafu Nyeusi ya Sake na Kuwahi Meli

Umeshuka Goma. Meli iliyokuleta usiku kucha kutoka Bukavu imefungwa kamba gatini, na jioni itageuza. Una mchana mmoja, shati moja safi, na hamu ya kurudi nyumbani na jambo la kusimulia. Wenye fedha watakodi gari la vioo vyeusi kwa dola ambazo zingemlipia mtoto karo ya muhula. Wewe utapanda basi. Sogea karibu nikuelekeze. Njia hii nimeipita, na naipenda.

1. Badilisha barafu

Barafu ya kweli ya Kivu Kaskazini iko mbali, juu ya Ruwenzori, upande wa Beni. Kuifikia unaanzia Mutwanga, kisha siku kadhaa za matope na ukungu kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109. Meli haitakungoja. Barafu yenyewe nayo haingoji mtu: mwaka 1906, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, alipofika kileleni, barafu ya mlima mzima ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5. Iliyobaki leo haifiki kilomita moja ya mraba. UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba ifikapo 2050 barafu za mwisho za Afrika zitakuwa zimekwisha.

Basi chukua iliyo karibu. Njia ya Masisi, inayopita Sake, ina mto wake uliotoka mlimani, ukatambaa bondeni, ukapasuka nyufa, ukaganda. Tofauti ni moja tu: huu ulitoka ukiwa moto. Mwaka 1938 volkano ya Nyamulagira ilifunguka ubavuni, na ilipofika 1940 ilikuwa bado inatapika. Uji wake wa mawe ulishuka mpaka Ziwa Kivu, karibu na Sake, na leo barabara inapita juu yake. Ukiulizwa nyumbani umeona nini, sema barafu nyeusi. Atakayebisha, mwambie aende akaiguse.

2. Uliza kwanza

Katika mwongozo huu kila kitu kina njia ya mkato, isipokuwa hapa. Februari 2024 mapigano yalifika kwenye vilima vinavyoizunguka Sake, na watu wakamiminika Goma na magodoro kichwani. Januari 2025 waasi wa M23 waliiteka Sake, na siku chache baadaye wakaiteka Goma yenyewe. Ninayokueleza ni ya siku za utulivu, na siku hizo huzijui kwa kusoma.

Kwa hiyo usimuulize mwenye hoteli, wala mtu anayetaka kukuuzia safari. Muulize mama aliyeleta viazi kutoka huko asubuhi hiyo hiyo. Mwamkie kwanza, mpe pole ya njia, kisha muulize: «Mama, njia ya Sake iko namna gani leo?» Akisema ni nzuri, nenda. Akitazama pembeni kabla ya kujibu, au akakuuliza una kazi gani huko, kunja karatasi hii uiweke mfukoni. Nunua samaki, kaa ufukweni, subiri meli yako. Aliyerudi bila kuona Sake anaweza kuja tena.

3. Tazama noti zako

Fanya hivi kabla hujatoka gatini. Dola yenye tundu la ukubwa wa punje ya mchele, au iliyochanika ukingoni kiasi cha ukucha, hapa itaangaliwa, itainuliwa kwenye mwanga, na itarudishwa kwako kwa upole. Huna rufaa. Badilisha kiasi kidogo upate franga za Kongo, noti ndogondogo nyingi, uzitenge mifuko miwili: mmoja wa nauli, mwingine wa mengineyo. Mfuko wa mengineyo ndio utakaoteseka zaidi.

4. Panda, na usiwe mjanja sana

Magari ya Sake yanafuata barabara ya magharibi, kupitia Ndosho na Mugunga. Huhitaji kuyatafuta, yatakutafuta. Kijana wa mlangoni atakuita papa hata kama una miaka ishirini na mbili.

«Papa, Sake? Ingia, inabaki moja!»

Hiyo moja itabaki kwa dakika arobaini. Usikasirike, na usishuke kuhamia gari la mbele, kwa sababu na huko inabaki moja. Ingia, chagua kiti cha dirishani upande wa kushoto, upande wa ziwa. Kiti cha watu watatu kitakaliwa na wanne. Geuza bega, weka mkoba mapajani, na utaona wanne wanatosha kabisa.

Nauli usimuulize kijana wa mlangoni. Mnong'oneze abiria wa jirani, kisha toa kiasi hicho hicho bila neno, kama mtu anayekwenda Sake kila Jumanne. Hapa majivuno yako ndiyo yatakusaidia. Mtu anayependa kuonekana mwenyeji hutulia, hutazama nje, hafungui ramani, na kwa sababu hiyo hakuna anayemsumbua. Ukitaka kuwa mwenyeji zaidi, pokea mtoto wa mwanamke aliyebanwa kiti cha nyuma na umpakate. Tangu hapo gari zima litakusemea.

5. Tazama magurudumu ya mti

Njiani utakutana na chukudu zikielekea mjini. Weka simu mfukoni uzitazame kwa macho. Ni baiskeli ya mbao tupu, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa ukanda wa mpira wa tairi kuukuu, ubao wa kupiga goti, na usukani kama pembe za ng'ombe. Breki ni kipande cha mpira kilicho juu ya gurudumu la nyuma. Mwenye chukudu hukikanyaga, na harufu ya mpira ulioungua hukufikia dirishani kabla yeye hajakupita. Juu yake kuna magunia ya makaa, kabichi, viazi, mzigo ambao wewe na mimi tusingeusukuma hatua kumi. Goma imemjengea mtu wa chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Miji mingi huwawekea sanamu majenerali. Nadhani Goma imechagua vema.

6. Shuka Sake, na ujipongeze

Sake iko kilomita kama 27 kutoka Goma. Ni njia panda: barabara moja inaambaa na ziwa kwenda Minova, nyingine inapanda milimani kwenda Masisi, nyingine inaelekea Kitshanga. Na sasa sikiliza zawadi yangu kubwa kwako. Sake imo ndani ya wilaya ya Masisi, ambayo huku twaiita teritwari. Mguu wako ukigusa ardhi pale kituoni, umefika Masisi. Hujapanda mlima hata mmoja, hujasukuma gari kwenye tope, na tayari una haki ya kusema «nilipokuwa Masisi» mpaka uzeeni.

Ukishajipongeza, rudi nyuma upande wa Goma, kwa miguu au kwa pikipiki, mpaka pale mawe meusi yanaposhuka kwenda ziwani. Simama. Pengine yamekunjamana kama kamba iliyosokotwa, pengine ni vigae vinavyolia chini ya kiatu kama chungu kilichovunjika. Yana matundu madogo yaliyoachwa na hewa iliyokuwa ikitoka. Juu ya jiwe tupu kimeota kimea cha kijivu, kikavu, kama pamba chafu. Kwenye nyufa, kangaga. Na palipokusanyika udongo wa kutosha kujaa kofia, mtu amepanda maharagwe. Jiwe hili halijafikisha miaka mia, na tayari linalisha watu. Nilipoliwekea kiganja mara ya kwanza lilikuwa na joto la jua tu, lakini mkono wangu uliruka kana kwamba moto bado umo ndani.

Vaa viatu vyenye soli nene. Kandambili zitarudi Goma zikiwa nusu.

Kaskazini mwa barabara inaanza Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Huko kunataka ruhusa na mlinzi, na vita imepita kwenye majani hayo ikiacha vyuma vyake. Baki barabarani. Hakuna cha ziada huko ambacho jiwe la kando ya lami halina.

7. Ogopa shimo

Neno hili lijue kabla hujalihitaji: mazuku. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini kati ya Goma na Sake na kutuama kwenye mabonde madogo na mashimo ya mawe. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hulala chini kama maji kwenye beseni, na hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Mtu aliyesimama anaweza asione lolote. Mbuzi aliyeinamisha kichwa hufa, na mtoto aliyemfuata mbuzi hufa naye. Ukiona bonde lina mijusi au ndege waliokufa, au majani yaliyokauka katikati ya kijani, usishuke kutazama. Usichuchumae kwenye shimo kwa haja yoyote ile. Wenyeji wanayajua mashimo yao. Ukiambiwa «usipite pale», piga kona bila kuuliza sababu.

8. Walikale: jinsi ya kutofika

Najua unavyofikiri. Ukishafika Masisi kwa urahisi hivi, moyo utakuambia: mbona nisimalizie na Walikale?

Acha. Wilaya ya Walikale peke yake inachukua zaidi ya theluthi ya jimbo zima, na sehemu kubwa ni msitu. Kutoka Sake unapanda Mushaki, unafika Masisi mjini, unapita Nyabiondo, kisha barabara inakuwa jambo la kubishaniwa na pikipiki. Kwa miaka mingi watu wenye kasiteriti, yaani madini ya bati, ya mgodi wa Bisie waliona ni rahisi kutumia ndege, nazo zilitua juu ya kipande cha lami ya barabara pale Kilambo. Magari na watembea kwa miguu walingoja kando mpaka ndege iruke. Nchi ambayo barabara yake yenye nguvu kuliko zote ni kiwanja cha ndege haizuriwi kati ya chai ya asubuhi na honi ya meli.

Kutofika Walikale kwa heshima ni hivi. Nunua sokoni chupa ya mawese ya Walikale, na umuulize muuzaji yamechukua siku ngapi njiani na yamelipiwa vizuizi vingapi. Msikilize mpaka mwisho. Utakuwa umeijua barabara ile kuliko aliyeipita amelala.

9. Zawadi

Usichukue jiwe. Ni zito, ni kali, na mkoba wako haukukukosea kitu. Chukua gurudumu la jibini ya Masisi, ile ya manjano ambayo Goma huiita fromaji. Utengenezaji wake ulianza na mapadri wa Kibelgiji, na wafugaji wa milima ile wameushika mpaka leo, hata katika miaka ambayo ng'ombe wao waliibwa kwa makundi. Inavumilia safari bila friji. Nyumbani, watu wakishaanza kuikata, hakuna atakayekuuliza picha ziko wapi.

Kuhusu picha zenyewe: piga jiwe, piga ziwa, piga chukudu ukishamwomba mwenyewe. Askari, kizuizi na daraja usivipige hata kwa mbali, hata kama mwanga ni mzuri.

10. Rudi kwa njia uliyojia

Mchana utakuta mtu Sake anayekuambia kwamba ukishuka Minova kuna boti ya kukufikisha Goma upesi, tena kwa upepo wa ziwa. Mkatalie. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu na gati la Kituku, watu wa Goma wakiiona kwa macho yao kutoka ufukweni. Abiria wengi wa boti ile walikuwa wamekwepa barabara kwa sababu vita ilikuwa imeifunga. Wao hawakuwa na chaguo. Wewe unalo. Hata kwenye meli yako ya jioni, uliza jaketi la kuokoa maisha liko wapi, na ulivae.

Panda basi saa nane. Saa tisa ndiyo mwisho. Gari litajaa polepole, litasimama kuchukua magunia, na Mugunga kutakuwa na msongamano. Ukifika gatini na saa moja mkononi, usione umeipoteza: kaa juu ya jibini yako, fungua viatu, kung'uta vumbi jeusi la Nyamulagira.

Na ukimwona mama wa viazi wa asubuhi akifunga magunia yake matupu, nenda ukamwambie umerudi. Yeye anapanda kwenda huko kesho.