Namna ya Kumpokonya Marehemu Mahali Alipozaliwa

Mkoa wa Kagera hauna uhaba wa wasomi. Una uhaba wa mabishano ya kuwatosha. Wakishamaliza siasa, bei ya kahawa na nani aliongoza darasa katika seminari ya Rubya mwaka gani, manshomile, yaani hao wasomi, wa Bukoba na Muleba hubaki hawana la kufanya. Mwongozo huu ni wao. Unafundisha kumthibitishia mtu aliyekwisha kufa kwamba hakujua alikozaliwa.

Tutamfanyia mazoezi Olaudah Equiano. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akajinunulia uhuru mwaka 1766 kwa pauni 40, na mwaka 1789 akachapisha London kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe. Humo alisema alizaliwa mnamo 1745 mahali paitwapo Essaka, katika nchi ya Waigbo, Nigeria ya leo. Kitabu kilichapwa mara tisa akiwa hai na kikawapa nguvu waliopinga biashara ya watumwa. Basi, tumvue kwao.

Hatua ya 1: Tafuta daftari la kanisa. Profesa Vincent Carretta wa Marekani alilileta mezani. Tarehe 9 Februari 1759, katika Kanisa la St Margaret, Westminster, alibatizwa Gustavus Vassa, mtu mweusi, umri miaka 12, mzaliwa wa Carolina. Ndiye Equiano. Usiulize nani alimjibia mtoto huyo. Wakati huo alikuwa mali ya afisa wa jeshi la majini, Michael Henry Pascal, na hata hilo jina la Gustavus Vassa alilipewa na Pascal. Alipolikataa, alipigwa mpaka akalikubali. Wewe shikilia kwamba daftari halina sababu ya kusema uongo.

Hatua ya 2: Ongeza karatasi ya pili. Mwaka 1773 Equiano alisafiri na meli ya Racehorse kuelekea Ncha ya Kaskazini. Orodha ya mabaharia inasema alizaliwa South Carolina. Safari hii alikuwa mtu mzima, tena huru, kwa hiyo watetezi wake wana kazi hapa. Waache watoke jasho. Akijitokeza mzee wa Kamachumu akakueleza kwamba karani wa misheni alimwandikia mwaka usio wake, na mwaka huo ukahamia kwenye cheti cha shule, ukaingia kwenye kitambulisho cha taifa, ukamfuata hadi kwenye pensheni kwa kuwa kuusahihisha ni usumbufu kuliko kuishi nao, mshukuru kwa hadithi nzuri. Mwambie hayo ni mambo ya huku kwetu. Karatasi za Waingereza hazizaliani.

Hatua ya 3: Kataa kumbukumbu za utotoni. Equiano anasema alitekwa akiwa na miaka kama 11. Atakumbukaje mila za kwao? Dai kwamba alisoma vitabu vya wasafiri. Ukweli ni kwamba alivisoma, na vingine alivitaja mwenyewe. Kanuni hii isivuke mto Kagera kuja upande wetu. Huku kijana aliyelelewa Mwanza, anayekuja Krismasi tu kula ndizi, atakutajia ukoo, mwiko wake, na kibanja yalipo makaburi ya babu zake, na hakuna atakayemdai ushahidi.

Hatua ya 4: Tafuta nia. Sema alijitungia Afrika ili kitabu kiuzike na hoja yake ipate uzito. Carretta, katika makala ya 1999 na kitabu cha 2005, aliandika kwa tahadhari kwamba ushahidi unaelekeza huko bila kukata shauri. Wewe iondoe tahadhari hiyo, inachosha wasikilizaji. Usitaje pia kwamba mwaka 1792 magazeti mawili ya London, Oracle na Star, yalidai Equiano alizaliwa Santa Cruz, kisiwa kilichokuwa cha Wadenmark huko Karibiani. Watu wataanza kuuliza inakuwaje kila anayemkana anampa kwao kwingine, na nani alinufaika Waafrika wasipoaminiwa wanaposimulia utumwa wao.

Hatua ya 5: Ukishindwa kumhamisha, mgombanie. Mtafiti wa Nigeria, Catherine Acholonu, alisema mwaka 1989 kwamba Essaka ni Isseke, katika jimbo la Anambra. Wengine hawakuridhika. Ukiona kufanana kwa majina kunatosha, usiwaachie Wanigeria peke yao: Isaka ya Kahama, yenye bandari kavu na reli, nayo ipeleke maombi.

Tahadhari. Usimjaribie mwongozo huu Kardinali Laurean Rugambwa. Alizaliwa Bukongo, katika Muleba ya leo, mwaka 1912, chini ya Wajerumani. Kijiji hakikusogea hata hatua moja, lakini kimekuwa Tanganyika ya Waingereza, kikawa mkoa wa Ziwa Magharibi, kikawa Kagera. Vitabu vingine vinamwita mtu wa Bukoba, na watu wa Muleba hukunja uso. Karatasi zake zikipangwa mezani zinaweza kumzaa mara nne. Hata hivyo hakuna aliyewahi kusema kardinali alidanganya kuhusu kwao, na ukianza wewe, utarudi nyumbani kwa miguu.

Hatua ya mwisho: Kagua vyeti vyako. Ukikuta umeandikiwa mahali usipozaliwa, usihangaike. Nenda kwa wakili ukaape kwamba umezaliwa pale unapopajua. Atagonga muhuri, na neno lako litakuwa karatasi kama karatasi nyingine. Huduma hii hutolewa kwa walio hai, wasio na bwana wa kuwajibia. Equiano aliandika kiapo chake katika juzuu mbili, akakitia jina lake, na zaidi ya miaka 200 baadaye wasomi bado wanamwomba alete cheti cha ubatizo kinachokubaliana nacho.