Dawa ya Mkono wa Birika

Mkono umekakamaa. Asubuhi vidole havikunjuki, kikombe cha uji unakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Hongera, umefika Masasi wakati mzuri: minada ya korosho imepita, malipo yameingia, na wataalamu wa tiba ya Kichina nao wameingia.

Nenda stendi umfuate mwenye kipaza sauti. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 inamtaka awe amesajiliwa na Baraza la tiba hizo, lakini kumdai mtu cheti mbele ya wateja wake ni kukosa adabu. Atakupa kijiti cha chuma ukishike, waya wake umeingia kwenye kompyuta. Punde karatasi inatoka: ini limechoka, figo zina sumu, damu ni nzito. Wewe ulileta vidole. Usibishane na kompyuta.

Kisha vikombe vya kunyonya mgongoni. Wazee wetu walitumia pembe, wakaita kupiga chuku, na Kiswahili, ambacho hakisahau, kikampa jina hilohilo mtu anayetia chumvi maneno.

Sindano zisikutishe. Bibi yako kule Newala alichanjwa nembo uso mzima, nawe uogope kitu chembamba kama unywele? Tena sindano hiyo ina heshima yake: madaktari wa Kichina wamekuwa wakitibu hospitalini Tanzania Bara tangu 1968, na mikononi mwa mjuzi huweza kutuliza maumivu. Kasoro yao ni moja, hawana kipaza sauti.

Vidonge vya "mitishamba mitupu" vikikuponya usiku mmoja, shangilia. Katika nchi nyingi vidonge vya namna hiyo vimepimwa maabara vikakutwa vimetiwa deksamethasoni au diklofenaki kimyakimya. Ukivimeza miezi kadhaa uso utajaa uwe mviringo, na majirani watakusifu kwamba umenenepa, pesa ya korosho imekukubali.

Zahanati ndiyo uiepuke kabisa. Nesi atakwambia ukutanishe viganja kama anayesali. Visipogusana vizuri, atataka kupima sukari. Atauliza unabangua korosho saa ngapi kwa siku, na jembe je. Halafu atakufumbisha macho akuguse vidole kwa pamba, akitafuta ganzi, maana ukoma haujatuaga, hukunja vidole, na dawa yake hutolewa bure. Bure! Dawa ya bure ina nguvu gani? Mtaalamu wa stendi akisikia ganzi huwasha majani makavu karibu na ngozi, akuambie useme ukisikia moto. Mwenye ganzi hasemi. Nyama inaiva.

Na usikubali kukumbushwa kwamba ile dawa mseto ya malaria uliyopewa hapo hapo zahanati asili yake ni mmea wa tiba ya Kichina, uliompa mtafiti Tu Youyou Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Haina kijiti wala kompyuta, itakuwaje ya Kichina?

Matokeo utayaona kabla ya jioni. Vidole vilivyoshindwa kufunga kifungo cha shati vitaingia mfukoni vyenyewe, vihesabu noti za elfu kumi bila kutetemeka. Waliokuita mkono wa birika watakuomba radhi.

Dozi ya pili iko Newala, siku ya gulio. Nauli juu yako.